Dada, niache kusoma hadithi za mizuka?

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu vitabu vya mizuka, nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wenzako wengi wanavisoma kwa kujificha kama wewe. Unasema shangazi alikikuta kitabu chini ya mto, akakuambia unaita mashetani nyumbani kwake. Mchumba wako anacheka, anaona mtu mzima mwenye kazi yake hana sababu ya kusoma mambo ya kutishia watoto. Na wewe mwenyewe, tangu umalize The Yellow Wallpaper, hujatulia. Umeandika kwamba hadithi ile inakujua, na unauliza kama uache.

Usiache, mdogo wangu. Ila tuzungumze vizuri, maana hilo neno lako la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu upesi.

Tuanze na shangazi, kwa kuwa unaishi kwake. Usimjibu kwa jeuri. Anayekataza habari za pepo ndani ya nyumba anafanya hivyo kwa kuwa anakupenda na anaamini yapo mambo yasiyochezewa, na imani hiyo iheshimu. Mweleze taratibu kwamba kusoma habari za mzuka si kuuita. Mwambie habari za M. R. James, Mwingereza, mtoto wa mchungaji, msomi mkubwa wa maandiko ya kale na mkuu wa King's College pale Cambridge. Desturi yake wakati wa Krismasi ilikuwa kuwasomea rafiki zake kwa mwanga wa mshumaa hadithi ya mzuka aliyoitunga mwenyewe, na mwaka 1904 akatoa kitabu chenye hadithi nane za namna hiyo. Mwambie pia kwamba Henry James, ambaye si ndugu yake bali wamegongana jina tu, aliandika katika daftari lake kuwa mbegu ya hadithi yake maarufu ya mizuka aliipata Januari 1895 kutoka kinywani mwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hawa hawakuwa watu wa kuchezea dini. Na kama shangazi ni msomaji, mkumbushe Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa analifuata jambo lile kwa akili, si kwa ubani.

Akishaelewa mpishe, msibishane zaidi. Nyumba ni yake.

Sasa vitabu vyenyewe. Hadithi hizi tunazoziita za Gothiki zilianza na Horace Walpole, Mwingereza aliyechapisha The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764. Mwanzoni tu, kofia ya chuma ya ukubwa usio wa kibinadamu inaanguka uani na kumponda kijana siku ya harusi yake. Ukisoma leo, kofia hiyo haitakutisha. Lakini angalia kinachofuata. Baba wa marehemu, Manfred, kabla hata mwanawe hajapoa, anaamua kumwacha mkewe ili amwoe yule yule bibi harusi, Isabella. Binti anakimbia gizani, kwenye njia za chini ya ngome, anapapasa ukuta akitafuta mlango. Kofia imesahaulika zamani. Binti anayemkimbia mwenye nyumba ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo kwenye hadithi hizi mpaka leo, miaka zaidi ya 250 baadaye.

Miaka 30 baada ya Walpole akaja Ann Radcliffe, mwanamke aliyelipwa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho ya 1794, fedha nyingi sana kwa riwaya ya wakati huo. Yeye alikuwa na utaratibu wake: kila kinachoonekana cha mizimu, mwishoni hupata maelezo ya kawaida. Shujaa wake Emily anafunua pazia jeusi lililofunika kitu ukutani, anakiona, anazimia. Msomaji haambiwi ni nini. Anasubiri mamia ya kurasa, na hatimaye anaambiwa ilikuwa sanamu ya nta, mfano wa maiti iliyooza. Wengine hukasirika wakifika hapo. Mimi sikasiriki, kwa sababu katika kurasa zote hizo mtu aliyekuwa hatari kwa Emily hakuwa nyuma ya pazia. Alikuwa Montoni, mume wa shangazi yake, aliyewafungia wanawake wale ngomeni akitaka mali zao.

Ndiyo maana nakuomba usianze kusoma hadithi hizi kwa kuuliza kama mzuka upo au haupo. Uliza kwanza: ndani ya nyumba hii, nani amesema kitu asiaminiwe? Ukimpata huyo, hadithi imekufungukia.

Hakuna aliyeliona jambo hili mapema kuliko Jane Austen. Watu humtaja kwa habari za uchumba na posa, na Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 miezi michache baada ya kifo chake, husemwa kuwa ni kitabu cha kuwakejeli wasomaji wa Radcliffe. Ni kweli kwa nusu. Catherine Morland, binti wa miaka 17 aliyejaa Udolpho kichwani, anakaribishwa kwenye nyumba ya Jenerali Tilney. Usiku wa dhoruba anafungua kabati la zamani, anakuta karatasi zimekunjwa, mshumaa unazimika, analala akitetemeka. Asubuhi anagundua ni hesabu za dobi. Hakomi hapo. Anajiaminisha kwamba jenerali alimuua mkewe, na kijana anayempenda anamwaibisha kwa mawazo hayo.

Wasomaji wengi wanakifunga kitabu hapo na kusema, umeona, vitabu vilimharibu. Endelea kusoma. Jenerali anapopata habari kwamba Catherine si tajiri kama alivyodhani, anaamuru aondoke kesho yake saa moja asubuhi, Jumapili, peke yake, safari ya maili 70, bila mtu wa kumsindikiza. Kama binti wa jenerali asingemkopesha nauli, angekwama njiani. Kwa hiyo Catherine alikosea kuhusu mauaji, lakini hofu yake juu ya mtu yule haikukosea. Ilikuwa imenusa ukatili kabla akili haijapata jina la kuupa. Mabinti, hili nalitia mkazo. Hofu yenu inaweza kukosea jina la kitu na bado isikosee kwamba kitu kipo.

Na hapo nafika kwenye hadithi inayokunyima usingizi.

The Yellow Wallpaper ilichapishwa Januari 1892 na Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani. Ni fupi, inaisha kwa kikao kimoja. Mwanamke aliyejifungua si muda mrefu anapelekwa na mumewe kwenye jumba la kukodi kwa miezi mitatu ya kiangazi. Mume, John, ni daktari. Kaka wa mwanamke naye ni daktari. Wote wawili wanasema hana ugonjwa wa maana, ni neva tu, apumzike, asifanye kazi, asiandike. Anaomba chumba cha chini kinachofunguka barazani, John anakataa. Anampa chumba cha juu chenye nondo madirishani, pete za chuma ukutani, na kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni. Ukutani kuna karatasi ya rangi ya manjano mbaya, yenye michoro isiyo na mwanzo wala mwisho. Anapomwambia John kwamba hapati nafuu, John anamkumbatia, anamwita kwa majina ya mapenzi, na kumhakikishia kwamba anapata nafuu.

Nataka urudi usome mahali pamoja tu, palipoandikwa habari za alama iliyo chini kabisa ya ukuta. Ni mstari mrefu ulioparuzwa, unazunguka chumba chote, unapita nyuma ya kila samani isipokuwa kitanda, na umezunguka tena na tena. Msimulizi anashangaa nani aliufanya na kwa nini. Anautaja kidogo tu, anapita. Mwishoni, anapotambaa kuzunguka chumba, bega lake linaingia sawasawa kwenye mstari ule. Gilman hajatuonyesha mzuka hata mmoja hapo. Ametuonyesha kuta zilizokwaruzwa kwa kimo cha mtu anayetambaa, basi, na mwili unasisimka.

Gilman hakubuni tiba ile. Alipata mtoto mwaka 1885, akaingia kwenye huzuni nzito, na mwaka 1887 alikwenda kwa daktari maarufu wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, aliyejulikana kwa tiba ya kumlaza mgonjwa na kumnyima kila shughuli. Alirudishwa nyumbani na maagizo: aishi maisha ya ndani kadiri awezavyo, afanye kazi ya akili kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, na asiguse kalamu, brashi wala penseli maisha yake yote. Alifuata kwa miezi kama mitatu, na ameandika mwenyewe, mwaka 1913, kwamba ilibaki kidogo apoteze akili kabisa. Akatupa maagizo yale, akarudi kazini, akaandika hadithi. Nakala moja alimpelekea Mitchell. Hakujibiwa.

Sasa, mdogo wangu, ulisema hadithi hii inakujua. Sijui maisha yako kwa undani na sitakisia. Lakini wewe na kila anayesoma hapa nawauliza: kuna mtu anayekuambia kila siku kwamba unachokiona hukioni? Kwamba unachokisikia mwilini mwako ni mawazo tu? Kama yupo, kitabu hakijakutia wazimu. Kimekupa maneno. Yapeleke kwa mtu unayemwamini, mama mdogo, rafiki, mwalimu wako wa zamani, na uyaseme kwa sauti. Na kama umejifungua, au dada yako amejifungua, na wiki zinapita machozi hayaishi, usingizi hauji hata mtoto akilala, hamu ya kitu haipo, iteni jambo hilo sonona na mlipeleke kliniki mnakompima mtoto. Semeni pale pale kwa muuguzi. Lina matibabu. Mkiambiwa ni uvivu au ni kudeka, nendeni kwa mwingine.

Ila sitaki mfikiri kwamba anayeogopa siku zote ameona sawa. Kwa hilo someni The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898. Binti wa miaka 20, mtoto wa mwisho wa mchungaji maskini wa kijijini, anapata kazi yake ya kwanza: kuwafundisha na kuwalea yatima wawili, Miles na Flora, kwenye jumba liitwalo Bly. Baba mkubwa wa watoto, tajiri wa London, ana sharti moja, asisumbuliwe kwa jambo lolote. Jioni moja binti anatembea bustanini akitamani mtu atokee mbele yake amtazame kwa upole. Mtu anatokea, juu ya mnara. Siye anayemtamani. Baadaye anajulishwa kwamba kwa maelezo yake huyo ni Peter Quint, mtumishi aliyekwisha kufa. Kisha anamwona mwalimu aliyemtangulia, Miss Jessel, naye marehemu, na anaamini wamewafuata watoto.

Watu wamegombana juu ya kitabu hiki kwa zaidi ya karne. Mwaka 1934 mhakiki wa Marekani Edmund Wilson aliandika kwamba mizuka ile imo kichwani mwa binti. Kando ya ziwa binti anaonyesha kwa kidole, na Bi Grose, mtunza nyumba aliyesimama ubavuni pake, haoni kitu. Lakini wanaobisha wana hoja nzito: binti alimweleza Bi Grose sura ya mtu yule, nywele nyekundu, bila kofia, nguo zisizo zake, na Bi Grose akamtambua Quint, mtu ambaye binti hakuwahi kumwona. Mimi nimekisoma mara nyingi na sijaamua, na nadhani Henry James hakutaka niamue. Kinachoniumiza kila mara ni watoto. Mtu mzima mwenye hakika kupita kiasi amewazingira kwa upendo na maswali, na mwishoni mmoja anafia mikononi mwake.

Mlinganishe Bi Grose na John. John anakataa kila neno la mkewe. Bi Grose, mwanamke mwema asiyejua kusoma, karibu kila neno la binti analiitikia. Wote wawili wameshindwa, kwa njia tofauti. Hakuna aliyekaa na mwenye hofu akamuuliza: ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa unafikiria nini, kabla ya hapo ulilala saa ngapi, nani mwingine tumuulize? Rafiki akikujia na hofu yake, usiwe John, na usiwe Bi Grose.

Kutoka hapo ruka moja kwa moja mpaka 1959, kwa Shirley Jackson. Huyu nampenda kuliko wote. Alikuwa mama wa watoto wanne huko Vermont, Marekani, na ameandika mwenyewe kwamba alipokwenda hospitali kujifungua aliulizwa kazi yake, akajibu ni mwandishi, na karani akasema ataandika mama wa nyumbani. Mwanamke huyo ndiye aliyeandika The Haunting of Hill House. Eleanor, umri wake 32, amemuuguza mama yake kwa miaka 11. Mama alikuwa akigonga ukuta usiku kuomba dawa. Usiku mmoja aligonga, Eleanor hakwenda, na asubuhi mama amekufa. Sasa Eleanor yuko kwenye jumba la kuchunguzwa mizuka pamoja na wageni wengine, na usiku jumba linaanza kugonga. Umeelewa? Mwandishi hahitaji kukuambia chochote zaidi. Kuna usiku mwingine Eleanor anasikia gizani sauti ya mtoto anayelia, naye anaushika mkono wa mwenzake Theodora, anaubana kwa nguvu mpaka unauma. Taa inawaka. Theodora yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba.

Na usingizi? Mwandishi Edith Wharton aliugua vibaya utotoni, akapewa kitabu cha kutisha wakati anapona, akazidiwa tena. Alisimulia kwamba mpaka alipokaribia miaka 30 hakuweza kulala kwenye nyumba akijua maktabani mna kitabu cha mizuka, na mara nyingine alivichoma. Huyo huyo akaja kuwa mmoja wa waandishi bora wa hadithi za mizuka. Basi usione haya. Soma mchana. Soma hadithi fupi na uimalize siku hiyo hiyo, usilale ukiwa katikati. Soma na mwenzako, mbadilishane. Kiingereza cha karne ya 19 ni kizito, kwa hiyo anza na The Tell-Tale Heart ya Edgar Allan Poe, ya 1843, kurasa chache za mtu anayekuapia kwamba hana wazimu huku akikuonyesha vinginevyo. Sentensi ndefu za Henry James zisome kwa sauti, zinanyooka. Karibu vyote nilivyovitaja haki zake zimekwisha na vinapatikana bure Project Gutenberg, isipokuwa cha Jackson na cha Muhammed Said Abdulla, hivyo vitafute maktaba au ununue. Na kama kipindi hiki una msiba, au una mgonjwa ndani, weka vitabu hivi kando kwanza. Vitakusubiri.

Limebaki la mchumba anayecheka. Mwambie kwamba Juni 9, 1865, treni aliyopanda Charles Dickens iliacha reli karibu na Staplehurst, Uingereza, watu 10 wakafa, naye akashuka kuwahudumia majeruhi bondeni. Mwaka uliofuata akaandika The Signal-Man. Mfanyakazi wa reli, kibandani karibu na handaki la treni, anaona mtu akimtokea, na kila mara kifo kinafuata. Sasa amemwona tena. Anataka kutoa onyo kwa telegrafu, lakini onyo la nini, wapi? Wakubwa wake watasema amerukwa na akili. Anamweleza mgeni aliyemtembelea usiku, mtu mwema na mwenye akili timamu, ambaye anaona dawa ni kumpeleka kwa daktari baadaye, wakipata nafasi. Isomeni hadithi hiyo wote wawili, wewe na mchumba, kwa sauti, kwa zamu. Kisha muulize yeye angekuwa ndiye mgeni, angefanya nini usiku ule kabla ya kuondoka. Jibu lake niandikie, nalitaka kama lilivyo.